Utusamehe, Minna Binti Leibel

Tak! Hilo ni komeo la dirisha la sinagogi yetu, hapa Winnipeg kwenye baridi kali, likifungwa na Bluma Perlov katikati ya sala. Nililisikia kila Sabato kwa miaka kumi na mmoja. Aliyekuwa amelifungua ni Minna Sokolow, wa safu ya mbele.

"Unataka tugande?" Bluma alimuuliza siku ya kwanza.

"Wengine tunapumua, mama. Wewe endelea ulivyozoea."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Baadaye walizungumza kwa dirisha tu. Rabi wetu, Noa, mwanamke kijana mwenye matumaini, aliwaalika chai ya mapatano. Walikuja, wakanywa, wakaisifu keki, wakaenda zao.

Bluma alikuwa fundi wa meno ya bandia. Amestaafu, lakini nusu ya meno yanayotafuna mkate wa Sabato pale kwetu ni kazi yake, ya Minna yakiwemo. Isitoshe, ndiye anayetuongoza sisi tunaoosha maiti za wanawake wenzetu. Hatulipwi, wala hatushukuriwi na anayehusika. Minna aliwahi kutangaza mbele ya meza nzima: "Nikifa, yule asiniguse." Bluma, aliyekaa meza hiyo hiyo, akaomba asogezewe samaki.

Minna akafa Januari, Jumanne. Rabi Noa akanipigia simu.

"Bi Hinda, nani atamwosha? Bluma siwezi kumwomba."

"Waliobaki wako Florida, wanajianika juani."

"Basi mwambie wewe."

"Mimi? Nina wajukuu wananitegemea."

Hakukuwa na haja. Tulipofika, Bluma alikuwa amesimama nje ya chumba cha kuoshea, aproni mwilini, mkono juu ya kitasa. Hakuwa amekizungusha.

"Shoga, alisema usimguse," nikamwambia.

"Nilikuwepo."

"Sasa?"

"Sasa nani anajua mafundo ya sanda? Wewe? Mara ya mwisho ulifunga kama kiatu."

"Na yeye je, alivyokataa?"

"Akikataa, aseme."

Mkono ukabaki pale pale. Rabi Noa akataka kusema jambo la hekima, nikamkanyaga. Mwishowe Bluma akasema, bila kutuangalia, "Mwosha huoshwa," akafungua.

Kwa desturi tunaanza kwa kumwomba radhi marehemu, na anayesema ni kiongozi. "Minna binti Leibel, utusamehe kama tutakukosea heshima." Bluma aliyatamka kama anasoma ratiba ya basi.

Humo ndani hatuongei ila la kazi. Inua. Taratibu. Shika kichwa. Tulimimina maji, ndoo ya pili ikianza kabla ya ile ya kwanza kuisha, mkondo usikatike. Tukamkausha, tukamvika sanda isiyo na mfuko. Mafundo Bluma alifunga mwenyewe. La kifuani alilifungua mara mbili akalirudia, ingawa mimi sikuona kasoro.

Kisha radhi ya pili, ya kumaliza. "Minna binti Leibel," akasema, "utusamehe kama tumekukosea heshima." Rabi Noa akatoka kuwaita wenye jeneza. Nami nikainama kukusanya taulo.

Bluma hakuondoka mezani. Aliinamia kile kitambaa cheupe, pale palipokuwa sikio, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa miguuni pa marehemu niliisikia kwa shida:

"Si sisi, Minna. Mimi. Nisamehe mimi."