Insha ya Harusi

Kila Ijumaa alasiri darasa letu pale Musanda lilinuka mkaa wa betri kuukuu na majani ya viazi vitamu. Wasichana tuliviponda pamoja na kuupaka ubao mpaka ukawa mweusi ti, kwa sababu Jumatatu Mwalimu Wechuli angeujaza insha ya Kiingereza kutoka juu hadi chini. Niliipenda kazi hiyo kuliko masomo yenyewe. Mikono ilibaki myeusi mpaka Jumapili kanisani, na mama alinisonya njia nzima.

Insha yenyewe ilikuwa moja tu, ya harusi ya mjomba mjini. Ndani yake baba aliendesha gari jeupe, mama alivaa gauni la hariri, na keki ilikuwa ya ghorofa tatu. Keki yenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kuionja. Mwalimu aliiandika yote, tukaisoma naye kwa sauti moja, akafuta maneno matano, tukasoma tena, akafuta kumi, hadi ubao ukabaki mtupu nasi tumeimeza nzima. Mtihani ukituambia tuandike juu ya ajali au moto, tulibadilisha sentensi ya kwanza na ya mwisho, na katikati tukapitia harusini. Simlaumu sana. Alikuwa mtu mpole, hakuwa na vitabu, tulikuwa sabini na kitu, na yeye mwenyewe alifundishwa vivyo hivyo.

Bingwa wa insha hiyo alikuwa Nanjala, rafiki yangu wa dawati moja. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, baba hakuwepo, na kila jioni alipalilia miwa ya watu kabla ya kwenda kupika obusuma, ugali wa kwetu. Tulikuwa darasa la nane, na kila mtu alijua kwamba bila mfadhili angeiona shule ya upili kwa nje tu. Wageni wawili walipofika kutafuta mtoto mmoja wa kumsomesha, hata mwalimu mkuu alimtazama yeye kwanza. Walitugawia karatasi, wakatuambia kwa Kiingereza tuandike kuhusu nyumbani kwetu: tunaishi na nani, na tukitoka shuleni tunafanya nini.

Mimi nilielewa. Nanjala hakuelewa, akaninong'oneza, "Wanasema tuandike nini?"

"Ile ya harusi," nikamwambia. "Si ndiyo tunaandikanga?"

Sikumwambia hivyo kwa ubaya. Niliogopa kusema habari za kwetu kwa Kiingereza changu mwenyewe, nikakimbilia pale nilipopazoea na kumvuta yeye pia. Naona aibu mpaka leo.

Mmoja wa wageni, mama wa makamo mwenye miwani, alizisoma karatasi akicheka, kisha akaacha kucheka. Kila ukurasa ulikuwa na gari jeupe. Mwalimu mkuu akamsogeza Nanjala mbele, akasema huyu ndiye mwenye shida hasa. Yule mama akamwinamia na kumuuliza taratibu, kwa Kiingereza, mama yake yu hali gani. Nanjala akasimama wima, mikono mgongoni, akaanza insha tangu mwanzo. Alifika kwenye gauni la hariri bila kukosea hata neno. Mwalimu Wechuli alitazama sakafu. Mgeni alimwacha amalize, akamshukuru, kisha akamwambia mwalimu mkuu kwa Kiswahili, na sote tukasikia, kwamba hawawezi kumpeleka sekondari mtoto asiyeelewa anachokisema. Baadaye tuliambiwa wamempata mwingine huko Mayoni.

"Nilikosea wapi?" Nanjala aliniuliza njiani. Nikamwambia sijui. Mwaka uliofuata yeye alikuwa kwenye miwa kutwa nzima, na mimi nilikuwa shule ya upili ya bweni, kwa kuwa baba yangu alikuwa na ng'ombe wa kuuza.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiingereza, si mbali na pale. Mwaka wangu wa kwanza nilijaribu njia nyingine: niliwaambia watoto waandike yaliyotokea kwao jana, kwa maneno yao. Nikapata mistari miwili mitatu, imepinda lakini ya kweli: kuku amekufa, baba amelewa. Nilizipenda mno karatasi zile. Alama zikaanguka, wazazi wakaja juu, mwalimu mkuu akaniita ofisini. Sikumaliza hata mihula miwili na njia hiyo. Sasa ninaandika, watoto wanaimba, ninafuta. Insha yangu ni ya safari ya ndege. Mwalimu Wechuli hakuwa na vitabu. Mimi ninavyo, vimejaa kabati, na ninajua vizuri ninachokifanya. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya siku zile na hizi.

Muhula uliopita, siku ya wazazi, Nanjala alikuja. Kitindamimba wake yuko darasani kwangu. Alilifungua daftari la mtoto, akapitisha kidole polepole juu ya ile safari ya ndege na tiki zangu nyekundu, uso ukimng'aa.

"Mwalimu," aliniambia, wala hakuniita kwa jina langu, "huyu wangu sasa anajua Kizungu, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo.