Nimekwama kwenye chumba cha injini

Leo boti yangu mwenyewe imekataa kunitoa.

Injini tumeishusha ufukweni hapa Nkome. Fundi Masanja akaomba siku tatu za kusafisha na kukagua chumba chake. Nikamwambia moja inatosha, kwani kuna nini mle?

"Basi ingia ukague mwenyewe, Baba Rehema."

Nikaingia kichwa kwanza. Nikaona ufa wa kupitisha maji na misumari iliyoliwa na kutu. Nikataka kutoka, tumbo likagoma.

Kina mama wanaoanika dagaa wakaja kutazama miguu yangu.

Fundi akainama taratibu. "Siku ngapi, bosi?"

"Tatu."

Ndipo akafungua ubao wa pembeni. Una boliti mbili tu.

Mliocheka nimewahesabu kwa sauti zenu. Mko kumi na mmoja, na Mama Kulwa umecheka mara mbili.