Hollis na Miguu ya Mdogo Wake

Shemeji yangu Hollis Stroud alikuwa mchoraji wa vibao vya madukani, lakini kazi yake kubwa hapa duniani ilikuwa kuchora mwisho wa dunia. Aliuchora juu ya turubai, tangu Adamu mpaka mbingu mpya, akautundika kanisani kwetu Lick Branch, huku milimani Arkansas. Mchoro ulikuwa mrefu hata mkia wake ukatokea dirishani, na ndama wa kina Pruitt akautafuna. Alikula vita vya mwisho vyote na nusu ya ile miaka elfu ya ufalme wa Kristo. Wala hakuugua. Alikua akawa fahali mwenye shingo kama pipa, na asiyeamini shauri yake, mimi nilimwona.

Katika mchoro ule kulikuwa na mistari miwili isiyogusana. Wa buluu ulikuwa wa Israeli, mwekundu wa kanisa. Kanisa litanyakuliwa, Israeli watapita kwenye dhiki, kisha watapewa nchi na ufalme kama Ibrahimu alivyoahidiwa. Hollis hakupenda maneno ya kuzungushwa. Mungu akisema Israeli, ni Israeli. Akisema nchi, ni udongo wa kushika mkononi. Redio ilipotangaza vile vita vya siku sita vya Israeli na Waarabu, alilia kwa furaha, na tangu siku hiyo hakugonga msumari hata mmoja kwenye paa lake lililokuwa likivuja. Ya nini, na Bwana yuko njiani?

Sasa, kanisani kwetu kila mwaka, Jumamosi kabla ya Pasaka, tunaoshana miguu kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Huoshani na mtu mwenye kinyongo nawe. Hollis alimwosha mdogo wake Dewey, mume wangu, na Dewey akamwosha yeye, miaka ishirini na sita bila kukosa. Sikuwahi kuwaona wakikumbatiana. Mapenzi yao yote yalikuwa mle kwenye beseni. Hollis alimfuta vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anakausha brashi zake.

Halafu akaletwa mhubiri kijana, Ndugu Garland, akafundisha kwamba mzeituni ni mmoja na sisi tumepandikizwa humo, kwamba ahadi zote za Ibrahimu zimetimia kwa Kristo, na walio wake ndio Israeli. Dewey aliyameza yote. Jumapili ile tukiwa mezani kwa Hollis, maharage hayajapoa, akamwambia kaka yake kwamba ile mistari miwili ni mmoja.

Hollis aliweka uma chini. "Mungu aliwaapia Wayahudi kwa jina lao," akasema. "Kama anaweza kumpa mwingine walichoahidiwa wao, mimi nitalalaje usingizi? Ataniacha na mimi."

"Hajamwacha mtu, kaka. Yesu ndiye ile ahadi yenyewe."

Wangeishia hapo ningewashukuru. Lakini mume wangu hakujua kufunga mdomo. Akaongeza kwamba aliyeuelewa ule mchoro kuliko wote ni ndama wa Pruitt.

Pasaka iliyofuata Hollis aliketi benchi la nyuma na viatu vyake miguuni. Alisema haoshi miguu ya mtu anayewaibia Wayahudi. Ikapita miaka sita hivyo hivyo. Dewey naye hakutaka kuoshwa na mwingine.

Dewey alikuwa na kisukari, miguu imekufa ganzi. Msumari ulipenya buti, asisikie. Mimi sikukiona kile kidonda; mwanamume wa huku havui soksi mbele ya mtu ila siku ile moja ya mwaka. Harufu iliponifikia, daktari hakuwa tena na la kuokoa. Aliukata mguu wa kushoto, kisha wa kulia.

Hollis alikuwa Texas kwenye kazi zake. Nilimwandikisha binti wa jirani barua mbili. Ya kwanza ilimkuta, ya pili haikumkuta. Kwa hiyo alikuja akijua umebaki mguu mmoja.

Aliingia Jumanne mchana mwezi wa pili, na beseni kwapani na taulo jipya. Hakusalimu. Alimimina maji ya vuguvugu kutoka jikoni kwangu, akapiga magoti mbele ya kiti cha Dewey, magoti yakilia kama kuni kavu, akainua blanketi.

Alikaa hivyo, blanketi mkononi.

"Umechelewa wiki tano, kaka," Dewey akasema.

"Icie hakuniambia," Hollis akasema, akinigeukia mimi.

"Alikuandikia. Wewe husomi kitu ila kitabu cha Danieli." Kisha Dewey akanyoosha mikono yake miwili juu ya beseni. "Haya, osha hii. Maana yake ni ileile."

Hollis aliiangalia ile mikono. "Imeandikwa miguu, Dewey."

"Najua imeandikwa nini."

"Nikiosha mikono nikasema ni miguu, nitakuwa nimekubali na lile jingine, la mistari miwili kuwa mmoja."

"Basi likubali kwa leo tu, mzee. Mimi ni mdogo wako."

Nilimwambia, "Shemeji, mwoshe." Alichovya taulo, akalikamua, akalishika. "Siwezi," akasema. "Nitakuwa namdanganya Mungu."

Dewey akairudisha mikono chini ya blanketi. "Icie, funga mlango, baridi inaingia."

Tulimzika Dewey mwezi wa tano. Hollis aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, mvua ikimdondokea kitandani. Kila Pasaka wanaume walimwomba aoshane nao. Alivua viatu, akaviangalia, akavivaa tena.

Nilimwuliza siku moja kama kule kwenye ufalme Dewey atakuwa na miguu. Akasema ndiyo, miguu yake mwenyewe, vidole vyote kumi. Nikamwuliza kama atamwosha basi. Akasema kule hakuna vumbi la kuosha.