Maji ya Nahodha

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu, mpira ulikuwa mkononi mwangu na sikuwa nacheza na mtu. Nilikuwa naudunda tu, mahali pamoja, karibu na pete ya kikapu. Aliyepita njiani angesema kijana huyu ana bidii. Kumbe nilikuwa nafunika kelele za wenzangu, waliokuwa wakichimba chini ya miguu yangu.

Kaa vizuri. Weka hiyo simu mfukoni, haitakimbia. Nitakueleza polepole, maana goti langu la kushoto halitaki tena niinuke na kuonyesha kwa vitendo, na maana habari hii nimewaeleza wengi kabla yako wala sioni kama imewasaidia sana.

Wewe umezaliwa hapa Kolwezi, huhitaji kuelezwa habari ya mawe ya shaba na kobalti yanayouzwa. Lakini wakati wa ujana wangu ndipo watu walipoanza kuchimba ndani ya nyumba zao wenyewe. Ungeingia kwa jirani kuomba chumvi, ukute sebuleni wametundika turubai, na nyuma ya turubai kuna shimo, na ndani ya shimo baba mwenye nyumba anakohoa. Mama anakuvutia kiti, anakuuliza habari za nyumbani. Nawe unajibu nzuri, unachukua chumvi yako unaondoka.

Sisi hatukuwa na habari na hayo. Sisi tulikuwa na mpira wa kikapu. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji, uliojengwa zamani kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa mgodi, na kando yake palikuwa na depo ndogo ya kuwekea mipira na nyavu. Kocha wetu, Tata Mukalay, yaani Baba Mukalay, alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Filimbi hakuwa nayo na wala hakuihitaji.

Alikuwa na desturi zake. Bidoni la maji lilikaa kando ya uwanja, na mazoezi yakiisha tulikunywa wote kwa kikombe kimoja, wadogo wakianza, nahodha akimalizia. Yakiisha kabla ya kumfikia, nahodha alirudi kwao na kiu yake na hakuruhusiwa kununa. Tena hakupenda malalamiko. Ukianza kushika kiuno na kuhema, hakukutukana. Alikuangalia tu, kisha akasema mbele ya wote, "Ule mwenye anachoka, akwende kwikala ku banc." Nakwambia, ungekimbia hata kwa mguu uliovunjika ili usitumwe benchi hivyo mara ya pili.

Nahodha wetu aliitwa Ilunga. Hakuwa mfungaji hodari, nitasema ukweli hata kama ni marehemu. Mipira yake mingi iligonga chuma na kurudi. Lakini ukianguka, mkono wa kwanza kukuinua ulikuwa wake, na tukifungwa alitufuata mmoja mmoja mpaka tucheke. Mama yake alikuja kutusimulia baadaye kwamba tangu siku aliyopewa unahodha, hata nyumbani alianza kula baada ya wadogo zake. Hakuna aliyemwagiza. Alichukua desturi ya uwanjani akaipeleka mezani kwao.

Msimu huo tulikuwa tumeshinda timu za jirani zote, hata wale wa Tenke ambao walikuwa na viatu bora kuliko sisi. Tukaitwa kwenda kucheza Lubumbashi. Hebu fikiria, vijana ambao wengi wao hawajawahi hata kuvuka Fungurume. Tuligonga kila mlango kuomba gari la kutupeleka. Kila mlango ulitupa pongezi. Gari hatukupata.

Katikati ya hayo Tata Mukalay akapata msiba, ndugu yake alikufa kwao Lubudi, akapanda treni kwenda kuzika na kukaa matanga mpaka yaishe. Alipoaga alimshika Ilunga bega akamwambia timu iko mikononi mwake. Basi Ilunga akalibeba neno hilo lote, bila kupunguza kitu.

Siku mbili tatu baadaye alitukusanya ndani ya depo. Alikuwa amevunja sakafu kwenye kona.

"Mawe iko huku chini," alisema. "Tutachimba bya safari tu, kiisha tunaziba. Tata akirudia, atakuta timu inafunga mizigo."

Hakuna aliyempinga. Kwa nini tumpinge? Mtaa mzima ulikuwa unachimba, na nahodha wetu hajawahi kutupeleka pabaya. Tukajipanga kama tunavyojipanga uwanjani. Watano wanashuka, waliobaki juu wanadunda mipira na kupiga kelele za mazoezi, ili wakubwa wa mtaa wasisikie nyundo. Wanaotoka chini wanajipangusa, wanashika mpira, na wengine watano wanashuka. Jasho lilikuwa moja, wazazi wetu wangejuaje? Mama yangu alinisifu kwamba siku hizo nilikuwa narudi nimechoka kweli.

Handaki liliondoka kwenye kona ya depo likaja taratibu upande wa uwanja, mpaka chini ya pete. Hayo tuliyafurahia. Wa chini walisikia mipira yetu juu ya vichwa vyao, nasi tulikuwa tunawagongea kwa mpira kuwachekesha.

Kisha mvua za kwanza zikaja. Zilinyesha asubuhi moja, na alasiri, saruji ikiwa bado na madimbwi, tulikuja kama kawaida. Zamu ya kwanza ilishuka ikatoka, tukanywa maji, ya nahodha yakabaki mpaka zamu yake itoke. Nikachukua mpira nikaanza kudunda. Mwanangu, mtu aliyecheza uwanja mmoja tangu utoto anajua sauti yake. Pale karibu na pete mpira ulibadilika. Haukulia kama unavyolia juu ya saruji. Ulilia mzito, na miguu yangu ikasikia kitu kinatetemeka. Nikasogea hatua chache, sauti ikarudi kuwa ya siku zote. Nikarudi pale, ikawa ile nyingine.

Nilimfuata Ilunga mlangoni mwa depo. Alikuwa anafunga kamba za viatu, wanne wa zamu yake wako tayari.

"Captain, mupira inalia mubaya pale ku panier," nilimwambia, nikionyesha pete. "Chini kunabakia wazi. Leo tusishuke tena."

"Ngoy, uko naogopa?"

"Niko naogopa."

Wenzangu wakacheka. Ilunga hakucheka, lakini alikuwa nahodha, na wote walikuwa wanamwangalia kuona atasema nini. Akasema kile alichofundishwa kusema.

"Ule mwenye anachoka, akwende kwikala ku banc." Kisha, kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu wa kuumiza mtu, "Baki juu, Ngoy. Dunda mupira."

Nikadunda. Niliisogelea pete ya upande wa pili kwanza, nikaona wataniuliza kwa nini nimekimbia, nikarudi karibu na pete ile ya kwanza, kando kidogo. Sijui nilidunda muda gani. Nilichosikia hakikuwa kishindo kikubwa, kilikuwa kama gunia la mahindi lililodondoshwa chumba cha pili. Nguzo ya pete ikainama mbele, polepole, ikasimama imepinda.

Walitoka kupitia depo, mmoja, mwingine, mwingine, weupe kwa vumbi. Kila mmoja alisema kitu kimoja, kwamba Ilunga alimsukuma mbele. Wa mwisho alipotoka alikaa chini akasema, "Captain iko nyuma yangu." Tulimngoja nahodha. Tulikodolea macho lile shimo kwenye kona, na hakuna aliyetoka.

Mtaa wote ulikuja na majembe, na wale waliokuwa wanachimba sebuleni mwao ndio walikuwa wepesi kuliko wote, walijua la kufanya. Jioni walimtoa. Sitakueleza alivyokuwa.

Tata Mukalay alirudi na treni akakuta matanga. Hakupiga kelele. Baada ya maziko alituita uwanjani, tukasimama kwa mstari wetu wa siku zote bila kuambiwa. Alizunguka lile shimo walimomtoa Ilunga. Akafika kwenye bidoni, ambalo hakuna aliyekumbuka kuliondoa, akalitikisa, kumbe lina maji kidogo chini.

"Maji hii ni ya nani?" aliuliza.

Wote tulikuwa tumekwisha kunywa siku ile, baada ya zamu ya kwanza. Wote tulijua ni ya nani.

Akauliza tena, "Nani alijua?"

"Mi, tata," nilisema. "Nilimuambia tusishuke."

"Ulimuambia mara ngapi?"

"Mara moja."

Akanisogelea, akaonyesha uwanja. "Ku terrain, mwenzako kama hamuone ule mwenye kuya nyuma yake, unamuita mara moja tu, kiisha unanyamaza?"

"Hapana, tata. Naita mpaka anasikia."

"Haya sasa."

Aliwageukia wengine, na ile sauti kubwa haikuwepo, ilibidi tusogee ili tumsikie. "Mi nilimufundisha kutoka wa mwisho. Kukataa kuingia, sikumufundisha." Kisha akatembea mpaka kwenye benchi lile alilotuogopesha nalo miaka yote, akaketi, peke yake. Tulisimama pale hatujui tumwache au tumfuate. Hakufundisha tena timu yoyote mpaka alipokufa.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Niliona amenionea, maana katika timu nzima ni mimi tu niliyesema. Nimekuwa mtu mzima, nimefundisha watoto wa watu, ndipo nimeelewa kwamba hakunionea. Alikuwa ananipa kazi ambayo yeye mwenyewe alikuwa amechelewa kuifanya.

Basi nimeifanya, na ningependa kukwambia kwamba imefaa. Siwezi kukudanganya. Uwanja ule haupo, ni shimo lenye maji ya kijani na watu wameweka uzio, na mtaa wenyewe nusu yake umehamishwa. Hapa tunapochezea sasa ni udongo mtupu, na pete ni chuma cha pipa. Msimu uliopita nilikuwa na mchezaji mwenye akili ya mchezo ambayo sijaiona tangu nianze kufundisha. Alisikiliza habari hii yote, macho yamemlowa. Wiki iliyofuata alishuka mgodini, kwa sababu mama yake anaumwa. Nilimfuata mpaka shimoni nikamwita. Sikumwita mara moja, mwanangu, nilimwita mpaka wenzake wakanifukuza kwa mawe. Hajarudi mazoezini. Nikimwona njiani anavuka upande wa pili, na mimi najifanya nafunga kiatu ili asiaibike.

Nimechoka, hilo nalo nikuambie. Kuna siku naangalia watoto wanavyokimbia na nafsi yangu inaniuliza nawakuza kwa ajili ya nini, maana kijana mwenye mapafu na asiyelalamika ndiye hasa anayetakiwa na shimo. Mimi ndiye ninayewapa hayo mapafu.

Sasa sikiliza lile nililokuitia. Kesho nakupa unahodha, nawe umefurahi, nimeona unavyotembea. Utakunywa maji wa mwisho, hiyo desturi sikuiondoa. Lakini usidhani ugumu wa nahodha ni kutoka wa mwisho. Ugumu ni pale mlangoni, wenzako wamefunga viatu, wote wanakuangalia, nawe unasema hapana, turudi. Watakucheka. Wataenda bila wewe wengine. Sema tena. Na mwenzako akikwambia anaogopa, usimtume benchi. Mfanye aseme kwa sauti, na wote wanyamaze mpaka amalize. Ukiwa wewe ndiye unayeona hatari na nahodha ni mwingine, usiridhike kwamba umesema. Ita mpaka asikie. Kama hataki kusikia, mshike jezi, mchaniane, mpigane, mtapatana baadaye mkiwa hai.

Kila siku kabla hatujaanza, umeona, namwagiza nahodha aulize, "Kuko mwenye iko naogopa?" Wewe mwenyewe umesimama kwenye mstari huo tangu uje. Najua wanaoogopa wapo. Najua wapo wanaotoka hapa kwenda kuchimba. Swali hilo limeulizwa na manahodha wote niliowahi kuwateua, na mpaka leo hakuna aliyeinua mkono.

Kesho utaliuliza wewe. Na likishaulizwa, kabla hujawaangalia wengine, uinue wako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyokauka na masikio kwa ajili ya sauti za wenzako. Akufundishe hapana mapema kuliko alivyonifundisha mimi. Mama yako akusikie ukifungua mlango kila jioni, una vumbi la uwanja tu. Na maji yatakayobaki kwenye bidoni, akujalie uyanywe mwenyewe.