Kura Aliyoikosa Mzee Kashindye

Miguu yangu haijui kutulia, lakini stendi yoyote nitakaponusa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, hunirudisha kijijini Puge. Nina miaka tisa, nimekaa mkekani nikiyamung'unya kwa karanga, na babu yangu, fundi cherehani wa Tabora aliyejaaliwa ulimi, anageuzageuza kofia yake mikononi.

Tulikuwa tumekwenda kumwona Mzee Kashindye, mwalimu mstaafu, aliyezidiwa na maradhi. Walikuwa marafiki tangu ujana, kisha wakanuniana zaidi ya miaka thelathini. Kisa chao nilikisikia palepale.

Mkoloni alipoleta kura, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Babu aliona ni tusi. Alizunguka barazani akiwakataza watu wasijiandikishe, na rafiki yake akamsikiliza. Baadaye shauri likageuka mjini: tupige hivyohivyo, tuwashinde kwa karatasi yao wenyewe. Babu akajiandikisha siku za mwisho. Akaona haya kumpelekea rafiki yake habari Puge baada ya maneno yake yote yale, na daftari la wapiga kura likafungwa bila jina la mwenzake.

"Ulinifungia mlango, ukapita wewe," mzee alisema kwa sauti nyembamba.

"Nimekuja kuomba radhi, mwalimu."

"Nimepiga kura nyingi baada ya uhuru. Ile ndiyo niliyoikosa." Akakohoa. "Haya, nieleze ilikuwaje. Usiruke kitu. Nakujua, hata maneno unayapunguza kama vitambaa vya wateja."

Mke wa mzee akacheka jikoni. Babu akaeleza foleni, jua, karani aliyelitafuta jina lake mpaka watu wa nyuma wakaguna, pazia, penseli. Mzee alikuwa amefumba macho.

"Penseli imechongwa?"

"Butu."

"Uliogopa?"

"Niliogopa."

"Ukawapa wote watatu?"

"Wote. Wale waliokuwa upande wetu."

Mzee akanyoosha mkono. Babu akaushika, akakaa nao mpaka chai ikapoa.

Tukiwa kwenye lori la kurudi nilimuuliza, "Babu, amekusamehe?"

"Hakusema, mjukuu wangu."

Kwa miaka mingi niliamini safari ile ilikuwa bure. Niliposimama kwenye foleni yangu ya kwanza ya kura, kitambulisho kikiloa jasho mkononi, ndipo nilipoelewa. Babu hakuwa na namna ya kumrudishia rafiki yake siku ile ya kura. Mzee alilijua hilo, akamwomba kile tu ambacho babu alikuwa nacho: masimulizi yake.