Siku Niliyomtengenezea Mama Sauti

"Dada, inazimwa wapi?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa na bwana wa redio kutoka Nairobi, ndani ya ukumbi wa Nakuru uliojaa watu, bila kuwahesabu waliokuwa wakichungulia madirishani, na mimi, mwenye digrii ya fizikia, niliyekiunda kile chombo kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Ngoja." Hivyo tu. Nilimwambia mtu aliyeziba masikio angoje.

Nimeona aibu ya siku hiyo mpaka nimechoka kuiona, ndiyo maana naisimulia. Chekeni mara moja tuyamalize.

Mama yangu alikuwa sauti ya kikundi cha akina mama wa Dundori. Sisemi mwenyekiti, ingawa alikuwa mwenyekiti pia, nasema sauti. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo na wengine wakamwitikia, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, kama gunia la viazi likiburutwa juu ya mbao, kitu ambacho ukikieleza kinaonekana kibaya, lakini ukikisikia unasahau ulichokuwa unafanya. Kisha akaota rovu, ule uvimbe wa shingo ulioonekana sana huko kwetu milimani, akapasuliwa hospitalini, akapona vizuri, isipokuwa sauti haikurudi. Ulibaki mnong'ono. Hata kuku aliwaita kama mtu anayewaambia siri.

Na mwaka huohuo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ndipo barua ya redio ilipofika. Akina mama wale walikuwa wameingoja tangu redio ya kwanza ilipoingia kijijini: watu wa Nairobi watakuja Nakuru siku ya Jumamosi na mitambo yao, wanase nyimbo za vikundi vya Bonde la Ufa, kila kikundi dakika kumi, na watakaofaa watasikika nchi nzima. Mama alinong'ona, "Waandikie tunakuja. Mwingine ataongoza." Tatizo ni kwamba mwingine hakuwepo. Mama Kamau, rafiki yake na jirani yetu, alijaribu, na sauti yake ilikuwa nzuri kabisa kwa kuita ng'ombe.

Hapo ndipo nilipojiingiza. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, niko nyumbani nangoja kupangiwa shule ya kufundisha, nina digrii na ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Kwa nini tunaombea chakula ambacho tayari kimeiva? Kwa nini wazee wakalie viti na akina mama wakalie majani? Na kwa nini sauti ya mtu ikiharibika isitengenezwe, kama kiatu kinavyotengenezwa? (Hakuna aliyeniuliza kwa nini mimi. Ningefaidika.)

Mwaka wa mwisho wa masomo nilikuwa nimeunda theremini kwa kufuata mchoro wa gazeti moja la mafundi. Theremini ni chombo cha muziki kisichoguswa. Ni sanduku lenye fimbo ya chuma iliyosimama upande mmoja na kitanzi cha chuma upande wa pili. Ukisogeza mkono wa kulia karibu na fimbo, sauti inapanda, ukiuondoa inashuka, na ukikaribisha mkono wa kushoto kwenye kitanzi, sauti inafifia mpaka inanyamaza. Nilimchezea mama wimbo wake. Akasikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akanong'ona:

"Inalia kama mbwa aliyefungiwa nje."

Na kweli. Ilikuwa sauti safi mno, imeoshwa ikaoshwa tena, haina hata chembe ya mkwaruzo. Nikashuka mjini kwa Fundi Jaswant, Kalasinga aliyetengeneza redio katika duka dogo lililojaa nyaya kama nywele, nikamweleza. Hakucheka. Alitoa chini ya meza visanduku vitatu vya kukanyaga kwa mguu, vya mpiga gitaa wa bendi moja ya hoteli, aliyevileta kutengenezwa kisha akahamia Kampala na hakuonekana tena.

"Hii inakwaruza," akasema, akikipangusa cha kwanza. "Hii ya pili inasema wa-wa kama mtoto. Hii kubwa iko na utepe na spika ndani, kila kitu wewe nasema yeye narudia, kama bibi yangu."

Cha wa-wa nilikiacha palepale, na hapo nilikuwa na akili: lazima ukibembeze kwa mguu muda wote, na theremini haihesabu mkono peke yake, inahesabu mwili mzima. Ukitikisa goti, wimbo umekwisha. Mchezaji husimama kama nguzo ya simu. Cha kukwaruza nilikichukua, kwa sababu ndicho nilichokuja kutafuta. Na ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikatia mkono juu ya kile kikubwa.

"Na hiki cha mwangwi pia."

"Ya nini?"

"Mama akiimba shambani, sauti ilikuwa inarudi kutoka ng'ambo ya bonde."

"Dada, jaribu moja kwanza. Ikiwa mbili, siku naharibika hujui nani ameharibu."

(Hilo ndilo somo la kwanza kabisa la fizikia, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hapo nilikuwa nafundishwa upya na mtu aliyeshika chuma cha kulehemu, na bado nikaona yeye ndiye asiyeelewa.)

Tulifanya mazoezi wiki mbili sebuleni. Niligundua kwamba kisanduku cha kukwaruza hakijui kunyamaza: mkono wa kushoto ukifika kwenye kitanzi, ile sauti ndogo inayobaki chenyewe kinaidaka na kuikuza tena, inabaki ikinguruma chini kwa chini, kwa hiyo kila nilipotaka kimya ilibidi nikizime kwa kidole cha mguu, polepole, bila kuyumba. Nikajifunza. Mwangwi nikauweka mdogo tu, kitufe chake robo ya mzunguko. Mama alikaa kwenye kigoda akiwa hakimu. Hapana, alinong'ona. Hapana. Nzito zaidi. Sivyo. Siku ya kumi nilicheza ubeti wa kwanza na yeye akasema, "Hiyo inakaribia." Sikuwahi kupewa alama kubwa kuliko hiyo chuoni.

Mama Kamau na mwenzake mmoja walikuwa wakiitikia wakiwa wamesimama mlangoni, kwa sababu walikataa katakata kuingia chumba kimoja na hicho kitu. Nikaona ni ushamba. Sikuona kwamba nilikuwa nimejaribu kila kitu katika jaribio langu isipokuwa watu.

Jumamosi tukateremka Nakuru kwa lori la viazi, akina mama kumi na wanane wamevaa sare, mimi nimepakata sanduku. Ukumbini nilipanga vitu mezani. Theremini ilitumia betri ya gari, nikaificha chini ya meza na kuifunika kwa kitambaa cha kufuma cha mama, cheupe, kile cha kufunikia kochi wageni wakija. Swichi sikuwa nimeweka. Kuwasha ilikuwa kubana waya kwenye betri, kuzima ni kuubandua. Kisanduku cha mwangwi chenyewe kilitaka umeme wa ukutani, nikapitisha waya wake nyuma ya viti.

Bwana wa redio, kijana mwenye suti ya mikono mifupi na visikizio kichwani, alitutazama, akaitazama meza, akasema, "Taa nyekundu ikiwaka, hata kukohoa hapana. Dakika kumi, akina mama. Hakuna kurudia."

Taa ikawaka. Nikainua mkono.

Niwe mkweli: ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri. Sauti ilitoka ikiwa na mkwaruzo wake, ikaenda mpaka ukuta wa nyuma ikarudi kidogo, na nilimwona Mama Kamau akifumba macho. Kikundi kikaitikia. Watu wa ukumbini wakaacha kunong'ona. Mama alikuwa amesimama katikati ya wenzake, midomo yake ikitembea na maneno, hakuna kinachotoka, na ilikuwa kana kwamba ni yeye.

Sasa, wimbo ule huimbwa hivi: anayeongoza akiipandisha sauti ubeti wa pili, wenzake humsogelea wakicheza, wakamzunguka, mpaka mwisho awe katikati yao kabisa. Ndivyo unavyoimbwa. Nimeuona tangu nikiwa mgongoni. Ningeweza kuwaeleza wazungu. Lakini niliuweka upande wa mila, na theremini upande wa fizikia, na sikuwahi kuvikutanisha.

Wakaanza kusogea.

Walikuwa wamesahau woga wao wote kwa sababu ilikuwa ni sauti ya mama, na sauti ya mama ikipanda wao husogea. Hatua ya kwanza, sauti ikapanda kidogo. Nikarudisha mkono. Hatua ya pili, ikapanda zaidi. Miili kumi na minane inakaribia fimbo moja ya chuma. Nikarudi nyuma, wakajaza nafasi. Ikawa filimbi, ikawa birika, ikawa kitu ambacho mbwa wa Nakuru ndio wangekieleza.

"Rudini nyuma!" nikasema.

Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naongoza, wakaniitikia, sauti zote pamoja, kwa mpangilio mzuri ajabu: "Rudini nyumaaa!" Wakapiga hatua mbele.

"Jamani, simameni!"

"Jamani, simameniii!" Na vigelegele juu yake.

Nikashusha mkono wa kushoto kwenye kitanzi ili ninyamazishe, nikasahau kwamba kisanduku cha kukwaruza hakinyamazi, nikakitafuta kwa mguu nikakikosa, nikanyoosha mkono nipunguze angalau mwangwi, na kwa haraka nikakizungusha kitufe upande usiofaa, mpaka mwisho. Mwangwi ukaanza kurudia mwangwi wake wenyewe. Kila duru unakuwa mkubwa kuliko duru iliyopita. Bwana wa redio alivuta visikizio kichwani kama mtu aliyeumwa na siafu, akaja mbio.

"Dada, inazimwa wapi?"

"Ngoja."

Nikaingia chini ya meza kwa magoti, nikaubandua waya wa betri. Nikatoka na kitambaa cha kufuma kichwani, kimening'inia kama shela, nikitegemea kimya. Theremini ilikuwa imekufa kabisa. Kelele ikaendelea. Mwangwi haukuihitaji tena. Ulikuwa unajilisha wenyewe, kwa umeme wa ukutani.

"Ngai!" Mama Kamau akapiga kelele. "Imekufa na bado inalia!"

Hapo mduara ukavunjika, viti vikaanguka, kuna mtu alianza kukemea pepo, na mimi nikawa nashika kitufe hiki nashika kile nikiwa na shela langu. Aliyemaliza mambo ni mama. Hakukimbia. Aliutazama waya, akaufuata kwa macho nyuma ya viti, kisha kwa miguu, mpaka ukutani, akauchomoa. Miaka mitatu ya chuo kikuu.

Kimya. Halafu kicheko, kikianzia madirishani.

Mama alimwendea bwana wa redio, akamwambia jambo. Yule akainama. "Sema kwa sauti, mama, sikusikii."

Akarudia. Hakusikika.

"Anasema tuimbe bila hicho chombo," nikasema mimi.

"Haiwezekani. Dakika zenu zimekwisha, na vikundi bado ni vingi. Pole, mama."

Ndani ya lori hakuna aliyenigombeza, ambalo ndilo gumu zaidi. Tulipofika kona za mlimani Mama Kamau alisema tu, bila ubaya, "Mwalimu, hata mimi na sauti yangu ya ng'ombe ningekosea kidogo kuliko hapo." Wenzake wakacheka kidogo, kwa uchovu. Mama alikuwa anakunja kile kitambaa magotini, anakikunjua, anakikunja tena.

Visanduku nikavirudisha kwa Fundi Jaswant.

"Nani ameharibu?" akauliza.

"Sijui."

"Mimi nasema nini?"

Kwa miezi kadhaa akina mama waliendelea kukusanyika kwetu kila Jumapili mchana kusikiliza kipindi cha nyimbo, wakitumaini kwamba ule ubeti wa kwanza utakatwa na kuwekwa. Haukuwekwa. Mmoja baada ya mwingine wakaacha kuja. Nikapangiwa shule Njoro na niliondoka kwa furaha mbaya, ya mtu anayeacha vyombo vichafu nyuma yake. Theremini niliivunja nikawagawia wanafunzi vipuri, na nikajiwekea kiapo ambacho sijakivunja: sitampa mtu kitu nilichokijaribu peke yangu chumbani, hata iwe ni ushauri.

Miaka saba nimeamini kwamba ni kelele yangu iliyowanyima wale akina mama redio. Mwaka huu nilikutana na yule bwana, amekuja Njoro kunasa mazungumzo ya wakulima, amenenepa kidogo, na alinitambua kabla sijamkimbia. Akaniambia kwamba ile tepu ilipendwa sana Nairobi. Walikusudia kuitangaza yote, dakika zote kumi, pamoja na jina la kikundi na jina langu, katika kipindi cha vichekesho, na wiki chache baada ya Jumamosi ile walimpelekea mwenyekiti barua ya kuomba ruhusa, na mama akawajibu kwa mkono wake mwenyewe kwamba kikundi cha Dundori hakitaki kusikika kwenye redio.