Jiko Lililozidi Kupata Nguvu

Shangazi yangu anauza chai kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la mafundi cherehani, na sifa yake ni moja tu: haraka. Mafundi wana mapumziko mafupi, na ng'ambo ya ua kuna mama mwenye jiko la gesi anayewaita kila wakitoka. Shangazi akichelewesha chai, wanahama. Kwa hiyo jiko lake la umeme ndilo maisha yake. Ni lile la koili, waya uliosokotwa kama springi ukalazwa kwenye mifereji ya kigae.

Koili ikikatika, hamwiti mtu. Anachomoa plagi, anakata kipande kilichoungua, anakitupa, anavuta zile ncha mbili na kuziunga kwa koleo. Basi. Na kila akiunga, jiko linachemsha upesi zaidi.

"Sisi tunazeeka tunapoa, huyu anazeeka ndio anapamba moto!" anawaambia wateja, nao wanacheka mpaka chai inawamwagikia.

Nilidhani ni ufundi wake tu, mpaka juzi kwenye somo la fizikia. Mwalimu alitupatia betri, ammita na waya wa aina ile ile ya koili za majiko, tukafunga saketi. Kwa waya mzima, mshale wa ammita ulisogea kidogo. Kwa nusu ya waya, betri ile ile, mshale ukaruka karibu mara mbili.

"Waya mfupi, ukinzani mdogo," mwalimu akasema. "Ukinzani ukipungua, mkondo unaongezeka, na joto linapanda."

Wenzangu wakaandika. Mimi nimeduwaa, kalamu hewani. Lile jiko limefupishwa mara ngapi?

Kengele ilipolia nilitoka mbio.

"Shangazi, zima jiko!"

"Shikamoo imeenda wapi?"

"Shikamoo. Zima jiko!"

Nikamweleza huku nahema kwamba jiko halijapata nguvu yoyote, linavuta tu umeme mwingi kupita kiasi. Akacheka.

"Huyo mwalimu wako amewahi kunywa chai yangu?"

Nikaufuata kwa macho waya unaoleta umeme kwenye jiko. Ulikuwa mwembamba, wa kufungia redio, umepanda kwenye ukuta wa mbao nyembamba uliotutenga na mafundi. Juu yake yalining'inia matambara ya kufutia vikombe, mstari mzima.

"Hapo ndipo ninapoanikia," akasema kwa maringo. "Panakauka upesi, waya una joto zuri."

Jamani! Nikazima swichi, nikachomoa plagi. Waya ulikuwa umelegea kama mshumaa uliosahauliwa juani, na soketi imekuwa kahawia. Shangazi akagusa ukuta, akarudisha mkono haraka.

Tukazunguka upande wa pili wa ukuta, kwa mafundi. Majora ya vitambaa yalikuwa yameegemezwa pale pale. Fundi mkuu akavuta moja. Katikati ya kitambaa cha bluu palikuwa na duara jeusi, ukubwa wa sahani.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Kila tukisikia harufu ya kuungua, tunamlaumu anayepiga pasi!"

Jana jiko lilipata koili mpya, nzima, na waya mnene. Mafundi walipotoka kwa mapumziko, maji yalikuwa hata hayajaanza kutoa mvuke. Kijana mmoja akageuka kuelekea kwa mama wa gesi, na wengine wawili wakamfuata. Shangazi aliwatazama wakivuka ua.

"Nyie!" Fundi mkuu alikuwa ameshavuta benchi. "Cherehani zenu bado mnazo, hazijaungua?"

"Tunazo."

"Basi kaeni. Itachemka."

Wakarudi wakinung'unika, wakakaa. Shangazi akaanza kupanga vikombe, kimoja mbele ya kila fundi.